Hoteli Ambayo Haikuwepo

Jordbro, Uswidi, Jumapili, saa kumi na moja jioni

Naliaka, mama,

Sikuulizi hali, maana hali yako nimeiona mwenyewe leo mchana, ulipotoka hapa na nywele mpya ukisema unaenda Alby kuagana na wenzako. Mimi ndiye wa kuulizwa hali. Tangu ufunge mlango nimesugua oveni mara mbili, na ilikuwa safi. Nimefungua friji, nimeyatazama maziwa, nimeifunga. Nimesoma habari kwenye simu mpaka mstari wa mwisho, nikarudi juu kuona kama kuna jipya kutoka mpaka wa mashariki. Halikuwepo, basi nikayasoma tena yale ya asubuhi. Mama yako yuko kazini, kwa wale wazee anaowatunza. Nikikaa mguu unatikisika wenyewe, kwa hiyo nimeona heri niushughulishe mkono.

Mambo ya begi la safari ya kesho sitayagusa. Soksi mama yako amezipanga, dawa ya kikohozi ameitia, na ile chupa ya pilipili niliyokutengenezea ameizungushia mifuko mitatu ya nailoni. Ulichosahau utakinunua hukohuko. Kuhusu kulala mapema na kuchagua marafiki umeshausiwa na kila mtu wa kanisani, hata na wale ambao wenyewe hawalali mapema. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikwepa kwa miaka yote kumi na tisa uliyoishi.

Niruhusu nianze na kosa dogo, nipate nguvu za kulifikia kubwa. Alhamisi nilivaa lile koti langu la kijani ambalo siku hizi umelifanya lako. Nikatia mkono mfukoni kutafuta funguo, nikatoa bahasha. Ilikuwa imeshafunguliwa, lakini ilikuwa na jina lako, nami nikaisoma. Najua, najua. Huku barua ya mtu ni ya mtu hata akiwa mwanao wa kumzaa, na hata kwetu Kimilili si adabu. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Miezi mitatu sasa umetuambia utakuwa jikoni. "Pappa, jag ska bli kock, precis som du," ulisema siku uliyorudi kutoka kule wanakowapima vijana kabla ya kuwaita jeshini. Utakuwa mpishi, kama mimi kabisa. Na kambi ni hapa karibu, mwendo wa saa moja, kila Ijumaa utarudi na nguo chafu. Nilicheka kwa furaha mpaka ukaniuliza kwani kuna nini. Mama yako alitangaza kanisani. Mama Wanjiku akakuombea upae mpaka uwe mpishi wa mfalme. Kumbe karatasi inasema Boden, kule juu kabisa kaskazini ambako treni inakesha njiani, na kazi iliyoandikwa ni kuhudumia majeruhi katika kikosi cha askari wa miguu. Hao ndio wanaotangulia mbele. Mtu akipigwa, wewe ndiye unayemfuata pale alipoangukia. Sasa naelewa kwa nini umesisitiza usisindikizwe kituoni kesho.

Ningependa kukuambia nilikasirika. Baba mwingine angekasirika, na pengine ingekuwa afya kwake. Mimi nilikaa pale kwenye ngazi, jirani wa juu akapita na mbwa wake, akanisalimu "hej hej", nikamjibu "hej hej" kama mtu mwenye akili timamu. Kilichonishika ni woga, na nyuma ya woga aibu, kwa sababu uongo ule niliutambua. Ni wangu. Niliutunga kabla hujazaliwa, na hata jiko ulilojificha ndani yake ni jiko langu.

Naliaka, sikuwahi kufanya kazi katika hoteli yoyote ya Saiprasi. Nilikuwa askari wa jeshi la Waingereza.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka nikanywa maji. Mama yako anajua sehemu hii. Tulipooana tulikubaliana tutakuambia ukishakua. Ukakua, tukatazamana, tukanyamaza. Halafu wewe mwenyewe ukalichokoza jambo hili bila kujua, majira ya baridi, jeshi lilipowaandikia vijana wote wa umri wako kuuliza nani yuko tayari. Mimi nikakushauri ujibu ovyo ili wakuruke. Unakumbuka ulivyowaka? "Du har ingen aning, pappa! Umechemsha viazi maisha yako yote!" Sijui chochote, hiyo ndiyo ilikuwa maana yako. Na kweli, tangu uanze kunijua nimechemsha viazi vya watoto wa shule, na viazi vya Uswidi havina mwisho. Nilikuwa na jibu mdomoni siku ile. Nikalimeza, nikakuambia ukaoshe vyombo. Baada ya ugomvi ule ndipo ukaja na habari za jikoni. Ulikuwa unanitulizia roho.

Nilifika Uingereza kusomea upishi. Mwaka wa pili karo ilinishinda, na sikuwa na uso wa kurudi nyumbani mikono mitupu. Katika mji ule kulikuwa na ofisi ya kuandikisha askari, kati ya duka la viatu na kinyozi. Walikuwa wanawapokea hata watu wa nchi walizowahi kuzitawala. Nikaingia nikijiambia naulizia tu. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nimevaa magwanda, nimeapa kumtumikia malkia wao, na naitwa kwa jina la ukoo ambalo hakuna aliyeweza kulitamka.

Sasa, nyanya yako, ambaye una jina lake, na ndiyo maana nakuita mama na wewe unacheka. Baba yake alichukuliwa na Waingereza haohao kwenda kupigana Bama, katika vita vya pili vya dunia, yeye akiwa bado anatambaa. Hakurudi. Hakikurudi hata kipande cha shati. Mama alikua akiliona lile jeshi kama watu wengine wanavyoliona jini. Gari la jeshi likipita barabarani alikuwa anatuita ndani, sisi watoto, mpaka vumbi litulie. Ningemwambiaje? Nilichukua kalamu mara mbili, tatu. Mara ya nne nikaandika kwamba nimepata kazi nzuri ya upishi katika hoteli, Saiprasi. Sehemu ya upishi ilikuwa kweli, maana jeshini waliniweka jikoni. Ndivyo nilivyojidanganya kwamba simdanganyi.

Halafu nikapelekwa Iraki.

Usifikiri mpishi wa jeshi anavaa aproni tu. Ana bunduki kama wenzake. Asubuhi nilikuwa nakoroga uji wa shayiri, mchana nalinda geti, jioni nakata vitunguu. Kambi yetu ilikuwa nje ya Basra, na waliotuchukia walikuwa wanatutupia roketi juu ya uzio, mara nyingi nyakati za kula, maana walijua tuko wapi. Zamani ulikuwa ukiniuliza kwa nini siwezi kula nikiwa nimeupa mlango mgongo. Nilikuambia ni tabia ya wapishi.

Kule nyumbani, uongo wangu ulikuwa unanenepa. Mama alitaka picha. Nikapiga nikiwa na kofia nyeupe ya jikoni, nikaikata pale chini magwanda yalipoanza kuonekana. Mama akataka picha ya hoteli yenyewe. Tulipokuwa tunapumzishwa Saiprasi siku chache nilisimama mbele ya hoteli ya watu, nikatabasamu, askari mwenzangu akapiga. Picha ile ilikaa ukutani Kimilili, juu ya redio. Mama akauliza bosi wangu ni mtu wa namna gani. Nikamtungia meneja, Bwana Kostas, mtu mwema lakini anasumbuliwa na sukari. Sijui hata sukari niliitoa wapi. Basi mama akampeleka Bwana Kostas kwenye kikundi cha maombi, na wanawake wa kanisa wakafunga siku nzima bila kula kwa ajili ya sukari ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nilipewa habari hiyo kwenye simu. Nilicheka peke yangu kwenye kibanda cha simu, na nilipotoka nikaona sina la kucheka.

Baba yako mdogo Wekesa alikuwa amemaliza shule na hana kazi. Unajua kwetu: mkubwa akishika mahali, anamvuta mdogo wake. Hilo halijadiliwi. "Simiyu, mvute mwenzako," mama aliniambia kila Jumapili. "Usile peke yako huko." Na Wekesa naye: "Kaka, hata sahani nitaosha. Nitalala jikoni. Mwambie tu huyo Kostas." Nikasema Kostas yuko likizo. Nikasema Kostas amelazwa. Nikasema msimu wa wageni umekwisha, angoje ujao. Kila nilipomkatalia kwa ujanja, niliifanya hoteli ile iwe kubwa zaidi machoni pake. Hakuchoka nami. Alichoka kungoja.

Wakala mmoja Nairobi alikuwa anatafuta vijana wa jikoni kwa hoteli za Kuwait. Wekesa akaenda. Kwa sauti aliyonipigia nayo ungedhani ameokota ulimwengu. "Kaka, na mimi niko hotelini sasa! Kubwa! Chakula bure!" Nilimpongeza. Nilishusha pumzi, nakuambia ukweli, maana Bwana Kostas alikuwa amenichosha.

Miezi miwili baadaye nilimpigia Jumamosi mchana. Tulikuwa na kadi ya simu yenye dakika chache kila wiki, na zangu nilizigawa kati yake na mama. Tukaanza kuongea mpira. Katikati ya sentensi nikasikia upande wake king'ora, kile kinachopanda na kushuka, na mara moja vyombo vikianguka chini, vingi kwa pamoja. Halafu watu wakanyamaza wote. Hakuna kengele ya moto inayowanyamazisha watu namna ile. Nilikuwa nimeisikia sauti ile kwa masikio yangu siku mbili kabla. Hizo zilikuwa sauti za jiko la kambi, na watu wamelala chini.

Wakala alikuwa amewaahidi Kuwait, kisha wakaingizwa Iraki kuosha vyombo katika kambi ya jeshi, palepale karibu na mpaka, ambapo laini ya simu ya Kuwait ilishika. Ndugu yangu alikuwa katika nchi ileile niliyokuwamo, na alikuwa ananificha kama nilivyokuwa namficha, ili mama asilie.

"Kaka, ngoja kidogo," aliniambia. "Hiyo ni kengele ya moto. Wapishi wameunguza kitu." Alikuwa anahema. Nilisikia viatu vyake. Naliaka, alikuwa anakimbia.

Sisi tulifundishwa, tukarudia, tukapigiwa kelele mpaka tukaota: ukisikia king'ora, lala palepale ulipo, kwenye supu, kwenye tope, popote. Usikimbie. Vipande vya chuma vinaruka juu, vinampata aliyesimama. Ukishasikia mlipuko, ndipo unaukimbilia ukuta wa zege. Kumwambia mtu haya hakuchukui muda. Kwetu ni maneno mawili: lala chini.

Sikuyasema. Nilisema, "Haya, shughulikia kazi, tutaongea." Kwa sababu ningemwambia alale chini, angeniuliza nimejuaje. Na nikimjibu, mama angejua, na picha iliyo juu ya redio ingekuwa ya mwongo. Hayo yote yalipita kichwani mwangu kwa haraka sana, na nikaamua. Mshindo ukasikika kwenye simu, mbali na yeye. Akacheka. "Wamezima," akasema.

Nilizungumza naye mara mbili tena baada ya hapo. Mara zote mbili nilianza na salamu, nikauliza ng'ombe wa mama, nikauliza afya, na maneno yale mawili yalikuwa hapa kooni. Nilijiambia wiki ijayo. Nilijiambia bila shaka wenzake wamemwonyesha. Wenzake walikuwa waosha vyombo kama yeye.

Baadaye mama ndiye aliyenipa habari, akilia. Mtungi wa gesi umelipuka katika hoteli ya Wekesa, mkono wa kushoto umekatwa. Hiyo ndiyo habari aliyotuma nyumbani akiwa kitandani. Hata hapo, hata hapo aliendelea kumlinda mama. Nami nikauliza swali kama mtu asiyejua: "Gesi? Imelipukaje?" Baadaye sana mtu aliyekuwa naye kule alinisimulia, bila kujua mimi ni nani hasa. King'ora kililia, Wekesa alikuwa na sinia la vikombe, akakimbilia mlango.

Ulimwona ulipokuwa na miaka kumi, tulipokwenda Kimilili. Alikumenyea muwa kwa mkono mmoja, ameubana kwa magoti, ukamuuliza bila haya mkono mwingine uko wapi. Akasema, "Gesi ya hoteli, mama." Nilikuwa nimekaa pembeni yenu. Niliutazama ule muwa.

Tangu Wekesa akatwe mkono, mama yangu alizichukia hoteli. "Hoteli gani hizi zinazokula watoto?" alikuwa akiniuliza. Aliniomba niache kazi. Mkataba wangu na jeshi ulipokwisha sikuweka saini tena, nikamfuata mama yako Stockholm, na nyanya yako akatoa shukrani kanisani kwamba mwanawe amemtii. Alipokufa, ulikuwa darasa la sita, nilisafiri peke yangu. Mchungaji akasoma maisha yake kaburini, akamtaja kuwa mama mwenye imani aliyelea wapishi wawili wa hoteli za ng'ambo. Watu wakaitikia amina. Wekesa na mimi tulisimama upande mmoja wa kaburi, hatukutazamana.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nataka uone jinsi nilivyofika pale. Sikuanza nikiwa mtu mbaya. Nilianza nikiwa namtulizia mama roho, kama wewe ulivyonitulizia mimi. Sikujua kwamba uongo wa upendo nao unataka kulishwa kila wiki, na kwamba siku moja utaniomba kitu ambacho si changu kutoa. Nilidhani nachagua kati ya kumuumiza mama na kutomuumiza. Kumbe siku ile kwenye simu nilikuwa nachagua kati ya uso wangu na mkono wa ndugu yangu, na uso wangu ndio nilioushika.

Alhamisi ile niliyosoma barua yako, nilingoja mpaka mama yako atoke, nikampigia Wekesa. Alikuwa anawapa kuku chakula, niliwasikia. Nilimwambia yote: jeshi, Basra, king'ora, kwamba nilijua, kwamba nilisikia anakimbia. Miaka yote hii nilikuwa nimeipanga hotuba, ina mwanzo na mwisho, na niliivuruga yote kwa dakika mbili.

Kisha akauliza, "Siku ile ungeniambia nini?"

"Ningekuambia ulale chini."

"Basi ungenisaidia, kaka," akasema.

Hakupandisha sauti. Hakutukana. Aliniambia tu hivyo, kama mtu anayekujulisha mvua imenyesha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na nimekuwa nikiota msamaha, lakini hilo sikuwa nimelitarajia, kwamba atakubaliana nami. Baadaye akauliza, "Na mtoto? Anajua?" Nikasema hajui. Akasema ana kazi, kuku hawajamaliza kula, akakata. Nimempigia jana na leo baada ya ibada. Hajapokea. Anaweza asipokee tena kabisa, na itakuwa haki yake. Simu iko hapa kando ya karatasi, naigeuza kila mara kuangalia.

Najua unavyofikiri sasa, maana una kichwa cha nyanya yako. Unafikiri: anataka nisiende. Ndiyo, nataka usiende. Nikifumba macho nakuona umepiga magoti kando ya mtu aliyeangushwa, na kitu kinakuja kutoka juu. Ule mtungi wa maji niliojaza chini ya sinki baada ya serikali kutuletea kile kijitabu cha kujiandaa kwa vita, naujaza upya kila Jumamosi, na mama yako ananicheka. Naogopa, Naliaka. Naogopa asubuhi nikitoa mkate kwenye oveni ya shule, naogopa kwenye treni. Lakini kukuomba usiende si haki yangu. Mimi nilikwenda vita vya watu wengine, kwa sababu ya karo na aibu. Wewe unakwenda kuilinda nchi uliyozaliwa, na umechagua kazi ya kuwafuata walioanguka. Nimeifikiria siku tatu hizi. Nikiitazama bila woga wangu kuingilia, ni kazi nzuri kuliko yangu. Sema ni vigumu kuitazama bila woga wangu.

Ninachokuomba ni kingine. Usinipe hoteli. Ukiwa Boden nikakuuliza vipi, na umeumia goti, sema goti. Ukiwa umelia, sema umelia. Wakikupeleka nje ya nchi hii, sema mapema, hata kama nitakaa kimya, hata kama nitaanza kusugua oveni. Huwezi kujua nina neno gani ambalo lingekufaa, na mimi siwezi kulitoa kama sijui uko wapi. Pengine sitakuwa na neno lolote. Lakini sitaki tena kusikia mtu wangu anakimbia, halafu niulize habari za mpira.

Na nikikusumbua kwa hofu yangu, uniambie, "Pappa, umezidi." Nitajitahidi. Naweza kuubeba ukweli wako. Si vizuri, nitaubeba ovyo, nikiangusha vitu njiani, lakini nitaubeba. Mama yangu naye pengine angeweza. Sikumpa nafasi ya kujaribu.

Mama yako bado anajua utakuwa jikoni, hapa karibu. Jana amenunua kitambaa cha kutengenezea aproni, ya kukushtukiza, sikutakiwa kukuambia. Na kuna mambo yangu ambayo naye hayajui. Jeshi analijua, lakini ile simu ya Wekesa sijamwambia. Ameolewa na mimi miaka ishirini na moja na amemsikitikia Wekesa kwa ajili ya gesi.

Barua hii nilikusudia kuificha mahali utakapoikuta ukiwa njiani, mimi nikiwa salama huku, mbali na macho yako. Watu huandika barua za namna hii ili zisomwe treni ikishaondoka. Nimeona huo nao ni ujanja wangu uleule. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia. Isome hapa mezani, polepole. Nitakuwa nimekaa mbele yako, na kama huwezi kunitazama, usinitazame.

Mama yako anafika saa tatu na nusu. Akishavua viatu tutamwomba akae. Wewe una lako la kumwambia na mimi nina langu, na langu ni la zamani zaidi. Nitaanza mimi.

Baba